Bildi, Mwangwi na Matope ya Masinga

Neno "pima" lina maana moja ambayo sisi wa bara hatuitumii sana. Kwa mabaharia na wavuvi wa pwani, pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, kama mita 1.8 hivi. Kifaa cha kupimia kina nacho kiliitwa bildi: kipande cha risasi kwenye ncha ya kamba. Chombo kikikaribia maji yenye mashaka, mtu alisimama mbele, akatia bildi, akahesabu ni pima ngapi zimezama.

Ujuzi huo ni wa kale sana. Herodotus, Mgiriki aliyeandika karne ya 5 kabla ya Kristo, anaeleza kwamba meli ikiwa bado iko safari ya siku nzima kutoka Misri, risasi ikishushwa hupanda na matope kutoka pima 11. Matope hayo yaliletwa na Mto Nile. Sasa angalia baharia alipata nini kwa mtupo mmoja: alijua kina, na alijua pia sakafu ni ya nini. Vitu viwili. Shikilia hapo, tutaparudia.

Huku Nchiru ziwa hatuna. Lakini mjomba wangu anavua kwenye bwawa la Masinga, upande wa Embu, na wenzake wa mashua tatu wamechanga pesa za kununua kipimakina kimoja. Kazi ya kuchagua nikapewa mimi, kwa hoja kwamba niliacha chuo, kwa hivyo muda ninao. Si mchezo. Wavu ukinasa kwenye kisiki chini ya maji ukararuka, pesa ya mwezi imeenda nao.

Nikaanza kusoma, na nilichokiona ni hiki: kila mashine ya kupima kina ilizaliwa na swali la mtu fulani. Usipolijua swali hilo, unaweza kulipia jibu la mtu mwingine.

Msingi wenyewe ni rahisi. Mwaka 1826, Daniel Colladon na Charles Sturm walipiga kengele ndani ya maji ya Ziwa Geneva wakapata kwamba sauti hukimbia majini mita 1,435 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Ukijua mwendo, unatuma sauti chini, unasubiri mwangwi, unagawa muda kwa mbili. Kwenye maji ya mita 10, mwangwi unarudi kabla hata ya sehemu 2 za mia za sekunde.

Haraka ya kuifanya kazi hiyo kwa mashine ilizidi baada ya Titanic kugonga mlima wa barafu na kuzama mwaka 1912. Mwaka uliofuata, Mjerumani Alexander Behm alipata hataza ya kupima kina kwa mwangwi. Mwaka 1914, Reginald Fessenden, mzaliwa wa Kanada, alinasa mwangwi wa mlima wa barafu baharini karibu na Newfoundland. Kisha vita vikaanza, na Paul Langevin wa Ufaransa akatumia fuwele za kwazi kutafuta nyambizi za adui. Barafu, nyambizi. Mvuvi mdogo hakuwa kwenye hesabu kabisa.

Aliingia baada ya Vita Vikuu vya Pili. Japani, ndugu wa familia ya Furuno walikuwa mafundi wa umeme kwenye mashua za uvuvi. Wavuvi wazoefu waliwaambia kwamba viputo vya hewa huonyesha samaki walipo. Ndugu hao wakachukua mtambo wa mwangwi, wakaubadilisha, na mwaka 1948 wakaleta kitafuta-samaki cha kwanza kilichofanya kazi kweli. Yaani ujuzi ulianzia kwa mvuvi, ndipo ukaenda kwa fundi. Mwishoni mwa miaka ya 1950, familia ya Lowrance kule Marekani ilitumia transista, na mashine ikawa kisanduku cha kubebwa, cha betri, kinachotosha mashua ndogo. Hicho ndicho babu wa mashine anayoitaka mjomba.

Sasa swali la Masinga ni lipi? Bwawa hilo lilikamilika 1981 kwenye Mto Tana, na likijaa hufunika takriban kilomita za mraba 120. Chini ya maji kuna bonde: mkondo wa mto wa zamani, kingo zake, mawe, visiki. Mvuvi anataka kujua mkondo uko wapi na visiki viko wapi. Hahitaji mashine ya kufika mita mia tano.

Kwa hivyo, kwanza, chagua masafa ya juu, kama kilohazi 200. Yale ya chini, kama 50, ni ya bahari ya kina kirefu. Pili, uliza upana wa sauti. Sauti hushuka ikipanuka kama mwanga wa tochi. Kwa pembe ya nyuzi 20, kwenye mita 10 inagusa duara la mita 3.5 hivi, kwa nyuzi 60, zaidi ya mita 11. Pana inaona samaki wengi, lakini mkondo mwembamba inaupita tu, maana mwangwi wa kwanza kurudi ni wa kingo. Mjomba anahitaji nyembamba. Tatu, skrini isomeke juani. Vile vidude vya kutupwa majini vinavyotuma picha kwa simu ni vizuri, ila simu juani haionekani, na chaji inaisha. Betri ya boda ya volti 12 ni ya uhakika zaidi.

Halafu kuna matope. Tana inashuka na udongo wa mashamba yetu ya milimani, na unatulia Masinga. Sauti ya kilohazi 200 inaweza kurudi kutoka juu ya tope laini na kukuambia hiyo ndiyo sakafu, kumbe jiwe la nanga litazama zaidi. Hapo bildi ya Herodotus bado inaishinda mashine. Tena uso wa maji wenyewe hautulii: ukame wa 2009 ulifanya mitambo ya umeme ya Masinga izimwe, na 2018 na 2024 bwawa lilifurika. Kisiki kilichokuwa mita 6 chini mwezi wa tano kinaweza kugusa propela mwezi wa kumi. Namba bila tarehe na alama ya maji ufukweni haina kazi.

Nilimpelekea mjomba orodha hiyo, na kikundi kimekubaliana. Siku ya kwanza ya mashine, mashua itambeba pia mzee mmoja wa pale, aliyelijua bonde hilo likiwa bado malisho ya ng'ombe. Yeye ataonyesha mto ulikopita, mashine itasoma, na kamba yenye jiwe itashushwa kila kituo. Daftari nitashika mimi.