Amri ya Mzee Ugenini

Mara nyingi tunadhani ya kuwa mkimbizi akipata chakula na mahali pa kulala, basi amepata yote. Habari za Warundi waliokimbia mwaka 1972 zinatuonyesha mengine.

Mwezi wa Aprili mwaka ule maasi yalianza kusini mwa Burundi, kisha jeshi likaua Wahutu wengi sana. Wengine walivuka kwetu, upande wa Uvira, wakati inchi yetu ikiitwa Zaire. Wengine waliingia Tanzania, wakawekwa Ulyankulu na Katumba, baadaye Mishamo. Huko walipewa pori walilime. Mishamo kila jamaa ilipata hekta tano. Mzee aliyepoteza vyote akashika tena jembe. Yeye ndiye aliyeamua wapi pawe muhogo, wapi tumbaku, na kijana gani akatiwe kipande akioa. Hiyo ndiyo amri tunayosema. Kweli, ilikuwa na mipaka. Kutoka kambini kulitaka barua ya ruhusa. Tena miaka ya 1978 na 1979 maelfu ya watu wa Ulyankulu walihamishwa mpaka Mishamo, maana maji hayakuwatosha. Waliokwisha ng'oa visiki wakaanza kung'oa tena.

Mwaka 2007 serikali ikawauliza: mwataka kurudi kwenu, ama kuwa raia wa Tanzania? Wapata wanne katika kila watano wakachagua kukaa. Tusiwahukumu wazee hao kana kwamba wamesahau kwao. Mashamba ya Rumonge na Nyanza-Lac, kando ya ziwa, yalikuwa yamekwisha shikwa na wengine, na wajukuu walizaliwa ugenini. Naye mzee aliyemzika mkewe Katumba, kaburi amwachie nani?

Mwaka 2010 watu wapata 162,000 wakakubaliwa kuwa raia. Lakini kulikuwa na sharti: wahame, watawanyike katika mikoa mingine, ndipo wapewe hati. Hapo, kwa maoni yetu, uchaguzi wao ulikatwa nusu. Kijana aweza kuanza upya. Mzee wa miaka sabini atang'oa visiki kwa nguvu gani? Akaketi, asijue kama aezeke nyumba ama angoje.

Baadaye sharti likaondolewa. Oktoba 2014 hati zikaanza kugawanywa, nao wakaruhusiwa kubaki pale pale. Wazee wengine walikuwa wamekwisha kufa wakingoja.