Nani Amfuate Nani: Bwana, Mtumishi na Chimbuko la Kisetla

Watu wawili wakutanapo na kuzungumza, ni nadra kila mmoja kubaki na usemi wake ule ule. Mvita azoeaye kusema ndia na mato nyumbani kwake hutamka njia na macho mbele ya mgeni wa Unguja, na pengine asitambue kwamba amebadili. Tangu Howard Giles alipochapisha maelezo yake juu ya kubadilika kwa lafudhi mwaka 1973, wanaisimu wamelitazama jambo hili kama mwendo: msemaji humkaribia mwenziwe, au hujitenga naye. Lakini kwa mwanahistoria liko swali jingine lenye uzito zaidi, nalo ni nani aliyepaswa kumfuata nani.

Kiswahili cha bara ya Kenya chatoa mfano ulio kinyume cha matarajio. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Katika miaka hiyo na iliyofuata waliingia bara askari, makarani, wenye maduka kutoka Bara Hindi na, hatimaye, masetla waliopewa mashamba katika nyanda za juu. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili, na wenye kuijua hasa walikuwa watu wa pwani. Ingedhaniwa basi kwamba asiyejua angemfuata ajuaye. Jikoni kwa setla haikuwa hivyo.

Setla alisema "mimi hapana taka" akikusudia sitaki, na "kisu yangu iko wapi" akikusudia kisu changu kiko wapi. Neno iko likafanywa punda wa kubeba kila mzigo. Mtumishi aliyemjibu kwa upatanisho kamili wa ngeli alikuwa na hatari mbili: kutoeleweka, na kuonekana mjeuri. Lililo salama lilikuwa kusema "chakula iko tayari, bwana", kisha kurudi jikoni na kumwambia mwenziwe kwamba chakula ki tayari. Aliyekuwa na lugha akaipunguza ili ilingane na ya yule aliyekuwa na mamlaka.

Wako wasemao kwamba upungufu huo ulitokana na watu wa bara wenyewe kushindwa na ngeli. Kwa Mjaluo, ambaye lugha yake haina upatanisho wa namna hiyo, hoja hiyo yaweza kusikilizwa. Kwa Mkikuyu na Mkamba haina mashiko hata kidogo, kwani lugha zao zina ngeli tele na upatanisho usiolegea. Hawakukosa uwezo wa kupatanisha. Walijifunza Kiswahili mahali ambapo upatanisho haukutumika. Si haki, hata hivyo, kumtwika setla lawama peke yake, kwani kambi za askari na maduka ya Wahindi nayo yalikuwa na mchango wake.

Mambo yaligeuka zaidi pale usemi huo ulipoingia kitabuni. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alichapisha kitabu cha Kiswahili cha bara, kikitangazwa kuwa ni Kiswahili kilichorahisishwa kwa ajili ya askari, setla, mchimba madini, mfanya biashara na wake zao. Hivyo mgeni aliyeshuka melini aliweza kujifunza kama lugha ya wenyeji usemi ambao sehemu yake wenyeji walikuwa wameurekebisha kwa ajili ya wageni waliomtangulia. Wakati huo huo Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilikuwa ikisanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja, kama ulivyokata shauri mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Mtoto wa mtumishi akawa na Kiswahili viwili mbele yake: cha kumjibia bwana, na cha kujibia mtihani. Kwa kile cha kwanza baba yake alidumu kazini. Kwa hicho hicho, yeye angekosolewa darasani.

Baada ya uhuru wa mwaka 1963 masetla wengi waliuza mashamba yao wakaondoka. Iko ilibaki, na hata leo husikika Nairobi sokoni na kwenye vituo vya matatu, Mkikuyu akizungumza na Mkamba.