Saba Waliofika

Mtoto wa mdogo wangu alinipigia simu mwezi Machi, juma moja kabla masika hayajashika, kunipasha habari kwamba gari lake limetoka bandarini. Ni Subaru Impreza yenye turbo, iliyotumika Japani, ya rangi ya buluu. "Baba Mkubwa," akasema kwa furaha, "Pasaka nakuja kukuchukua twende Korogwe tukamwone Baba." Nilimpongeza, nikamwombea heri. Nilipoiweka simu chini nikakaa kimya kwa muda mrefu. Baba yake anachechemea mguu wa kushoto tangu Januari 1998, na aliyekuwa ameshika usukani siku ile ni mimi.

Nitaisimulia siku hiyo, ila si sasa hivi. Kwanza sina budi kueleza wazimu wa magari ya mwendo kasi ulivyoniingia, maana mambo haya mawili ni kamba moja.

Sisi tuliokulia Korogwe katika miaka ya sitini tuliisubiri Pasaka kwa sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa nguo mpya. Ya pili ilikuwa Safari. Mashindano yale ya magari yalianza mwaka 1953, kwa ajili ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na kwa miaka mingi yalizunguka Kenya, Uganda na nchi yetu. Njia za Usambara zilikuwa mojawapo ya sehemu zilizoogopwa. Mwaka mmoja mjomba wangu, ambaye alikuwa fundi magari, alituchukua usiku tukasimame kando ya barabara. Tulinyeshewa mpaka mifupani. Kisha tukaona taa, nyingi, zikija kwa kuyumba huku na huku kama mtu aliyelewa amebeba karabai, na gari likatupita likiwa limeelekeza ubavu mbele badala ya pua, likaturushia tope usoni. Nilishangilia hadi sauti ikakauka. Mjomba hakushangilia. Alikuwa anasikiliza injini.

"Umesikia?" aliniuliza. "Hakushika breki. Amepunguza mapema, kule juu, kabla ya kona."

Mimi sikuwa nimesikia kitu isipokuwa ngurumo. Nilichobeba kwenda nacho nyumbani ni ule ubavu wa gari na lile tope. Maneno ya mjomba niliyaacha palepale barabarani.

Waliopanga Safari waliiweka Pasaka, na Pasaka huku kwetu ni masika. Kwa hiyo kila mwaka ilikuwa bahati nasibu: mvua ikichelewa, madereva walikula vumbi; ikiwahi, walikula tope. Na tope la huku si moja. Kuna tope jekundu la milimani, linaloteleza kama sabuni lakini chini yake kuna ardhi ngumu. Na kuna ule udongo mweusi wa mbugani, ambao ukilowa hauna chini. Hunasa katika magurudumu, hujaza nafasi yote kati ya tairi na bodi, mpaka gurudumu linashindwa kuzunguka.

Miaka miwili imebaki katika historia kwa ajili ya mvua. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na 7 tu yakamaliza. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7 vilevile. Tarakimu hizo hutajwa kila Safari inapozungumzwa, na kwa kawaida hutajwa ili kuonyesha ukali wa mvua. Mimi nilikwisha kuwa mtu mzima nilipotambua jambo jingine ndani yake. Aliyeshinda mwaka 1963 ni Nick Nowicki, pamoja na msoma ramani wake, Paddy Cliff, katika Peugeot 404. Aliyeshinda mwaka 1968 ni Nick Nowicki, pamoja na Paddy Cliff, katika Peugeot 404. Miaka mitano imepita, magari mamia yamejaribu, mvua mbili mbaya kuliko zote zimenyesha, na watu wanaotokea upande wa pili ni walewale. Mtu akiokota shilingi njiani mara moja, tutasema ni bahati. Akiokota ya pili, mahali pagumu kama pale pa kwanza, huyo anajua anakotazama.

Na Peugeot 404, msomaji, lilikuwa gari gani? Lilikuwa teksi. Injini ya lita moja na nukta sita, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, spring laini. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda na Chris Rothwell katika gari la aina hiyohiyo mwaka 1966 na 1967. Mwaka 1964 yaliletwa kutoka Marekani magari makubwa ya Mercury Comet, yenye injini za silinda nane, na nguvu za kutosha kung'oa mbuyu. Mawili tu ndiyo yaliyomaliza, tena mbali sana nyuma. Mshindi alikuwa Peter Hughes katika Ford Cortina. Nguvu zile kwenye tope zilifanya kazi moja tu: kuchimba shimo. Mwaka huohuo Erik Carlsson wa Sweden alishika nafasi ya pili kwa kijigari cha Saab. Husimuliwa kwamba alipokwama katika dimbwi alikibingirisha kikapinduka, kikaangukia pakavu, akaendelea na safari. Waandishi wa habari walipokataa kuamini, akakibingirisha tena mbele yao. Sipendekezi mtu aige, lakini sijapata kusikia jibu zuri zaidi kwa wasiosadiki.

Hadi mwaka 1972, alipokuja Hannu Mikkola wa Finland na Ford Escort, hakuna dereva kutoka ng'ambo aliyewahi kuja akashinda. Washindi wote walikuwa wakazi wa hapa Afrika Mashariki. Wageni walikuwa na kasi zaidi, na magari ya viwanda, na mafundi wengi. Wenyeji walijua mto upi hujaa saa mbili baada ya mvua kunyesha mlimani hata kama hapa bondeni jua linawaka. Walijua kushuka, kuvua viatu na kuingia mtoni kwa miguu kupima kina kabla gari halijaguswa na maji. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho, alishinda mwaka 1965 na ndugu yake Jaswant katika Volvo iliyokwisha kutumika katika Safari ya mwaka uliotangulia, kisha akashinda tena mwaka 1974 na 1976. Hakuwa na sifa ya kuwa mwenye kasi kupita wote. Sifa yake ilikuwa kufika.

Haya yote niliyasoma na kuyahifadhi kichwani kama watoto wa siku hizi wanavyohifadhi majina ya wachezaji wa mpira. Lakini kuhifadhi si kuelewa.

Mwaka 1997 nilinunua Toyota Celica. Unaweza kukisia sababu: Celica ilikuwa imeshinda Safari mara kadhaa katika miaka ya themanini na tisini. Langu halikuwa la mashindano, lilikuwa la kawaida, lililotumika, la milango miwili, lakini liliinama mbele kama duma anayenyemelea, nami nikiwa ndani yake nilirudi kuwa mtoto wa Korogwe. Ndipo zikaja mvua za El Niño. Januari 1998 nilikuwa natoka Korogwe kwenda Dar es Salaam na mdogo wangu kando yangu. Tulikuwa tumepita Mkata. Mvua ilikuwa imepungua, na hilo ndilo lililonidanganya, maana niliona mbele vizuri nikapandisha mwendo hadi kilomita 110 kwa saa.

Barabara ile, kama barabara zetu nyingi zinazobeba malori mazito, ilikuwa na mifereji miwili iliyokandamizwa na matairi kwenye lami. Mvua inapokatika, maji hubaki humo. Matairi yangu ya mbele yalikuwa yamekaribia kipara. Nilikuwa nimeambiwa na fundi pancha, nikajibu mwisho wa mwezi. Tulipoingia kwenye maji nikasikia mambo matatu kwa pamoja. Injini ilipandisha sauti bila gari kuongeza mwendo. Kelele za matairi zikanyamaza. Na usukani ukawa mwepesi, mwepesi kama usukani wa gari la kuchezea.

Laiti ningalikaa tu bila kufanya kitu! Laiti ningalinyanyua mguu kwenye mafuta taratibu, usukani nikaushika ulivyo, na kungoja! Lakini nani aliyewahi kufundishwa kungoja? Nilikanyaga breki kwa nguvu zote na kukata kushoto. Gari halikujali, liliendelea kunyooka kama halikunisikia. Kisha maji yakaisha, matairi yakashika lami ghafla, na kwa kuwa yalikuwa yameelekea kushoto, kushoto ndiko tulikokwenda. Mti ulikuwa upande wa mdogo wangu.

Alilazwa miezi minne. Hajawahi kunilaumu kwa neno hata moja, na mara nyingine nimetamani anilaumu.

Nilipokuwa nikimwuguza ndipo nilipoanza kusoma habari ya matairi na maji, kama mtu anayesoma sheria baada ya kuhukumiwa. Nikagundua kwamba mwaka 1963, mwaka uleule wa wale saba wa kwanza, wahandisi wawili wa NASA huko Marekani, Walter Horne na Robert Dreher, walichapisha maelezo ya kitu hiki hasa. Shida yao ilikuwa ndege zinazotua kwenye njia zilizolowa. Walionyesha kwamba tairi likienda kasi, maji hayapati muda wa kukimbia kutoka chini yake. Hujikusanya mbele kama kabari, na kabari hiyo hulinyanyua tairi mpaka linaelea. Walitoa na hesabu: kasi ya kuelea hutegemea upepo uliomo ndani ya tairi. Kwa tairi lenye paundi 30, kama la gari dogo, inakuja karibu kilomita 90 kwa saa. Michirizi ya tairi kazi yake ni kuyapa maji njia ya kutorokea. Ikiisha, au maji yakiwa na kina kuliko michirizi, hakuna pa kutorokea. Mimi nilikuwa kwenye 110, kwenye maji yaliyosimama, juu ya matairi yasiyo na michirizi. Hesabu ilikwisha kufanywa miaka 35 kabla yangu.

Mjomba aliposema usiku ule kwamba dereva amepunguza kule juu, kabla ya kona, alikuwa ananipa hesabu hiyohiyo kwa lugha ya masikio. Kwenye utelezi kila jambo linalotaka nguvu lazima lifanywe kabla, wakati tairi bado lina kitu cha kushika. Ukiwa ndani ya maji umekwisha kuchelewa. Hapo kilichobaki ni upole.

Mtoto wa mdogo wangu, nilipomgusia haya kwa simu, alicheka kwa heshima. "Baba Mkubwa, hii inavuta kwa magurudumu yote manne. Na breki zake zina kompyuta." Ni kweli. Nikamwambia kwamba Audi Quattro, iliyovuta kwa magurudumu manne, ilikuja Safari katika miaka ya themanini kama mfalme, na mwaka 1984 na 1985 ikaona Toyota yenye kusukuma kwa magurudumu mawili ikishinda mbele yake. Audi ilipata ushindi wake mwaka 1987. Isitoshe, magurudumu manne husaidia kuondoka. Katika kusimama, kila gari tangu zamani lina magurudumu manne. Na ile kompyuta hugawa mshiko uliopo. Haina ghala la mshiko wa akiba.

Sikumwambia habari za Niki Lauda, nikaona atachoka. Lakini namfikiria sana mtu yule. Agosti 1976 aliungua vibaya huko Nürburgring, siku iliyoanza kwa mvua. Oktoba mwaka huohuo, huko Fuji, Japani, mbio za mwisho za ubingwa wa dunia zilianza katika mvua kubwa. Alizunguka mara mbili, akaingia kwa mafundi wake, akashuka garini. Aliukosa ubingwa kwa pointi moja. Ukachukuliwa na James Hunt. Wako waliomwita mwoga. Mimi niliyeshindwa kupunguza hata kilomita 30 kwa ajili ya ndugu yangu wa tumbo moja, nimekosa jina la kumwita.

Jumamosi ya Pasaka kijana alifika saa kumi na mbili asubuhi, gari linang'aa, mvua inanyesha. Kabla sijapanda nilichuchumaa na njiti ya kibiriti, nikaichomeka katika michirizi ya kila tairi. Kina kilikuwa kizuri. Kisha nikatafuta zile tarakimu nne za ubavuni zinazoeleza juma na mwaka tairi lilipotengenezwa. Lilikuwa na miaka 11. Mpira wa umri huo unakuwa mgumu kama kwato, uwe na michirizi usiwe nayo. Nilimwonyesha. Alisimama kidogo, maji yakimtiririka usoni, akajipapasa mfukoni.

"Manne ni fedha nyingi, Baba Mkubwa."

"Mawili nanunua mimi," nikasema.

Tuliondoka saa tano badala ya saa kumi na mbili. Wami tulivuka kwa daraja jipya. Kabla ya kufika Mkata mvua ikaongezeka, na bila mimi kutamka neno nikasikia injini ikishuka. Nilichungulia, mshale ulikuwa kwenye 60. Basi moja likatupita kwa kishindo na kutumwagia maji kioo kizima. Kijana hakuligombania. Simu yangu ikalia, alikuwa mdogo wangu akiuliza tumefika wapi.

"Mkata," nikamwambia.

Alinyamaza kidogo. "Inanyesha?"

"Inanyesha."

"Anaendesha nani?"

"Mwanao," nikasema. "Anaendesha polepole." Nikamsikia akimwambia mtu pale nyumbani kwamba chakula kisipakuliwe kwanza.