Pitts Special: Ndege ndogo iliyotamba katika sarakasi za angani

WEMBAMBA wa reli, gari moshi hupita. Ndivyo ilivyokuwa kwa Pitts Special, ndege ya sarakasi iliyobuniwa na Mmarekani Curtis Pitts na kuruka kwa mara ya kwanza mwaka wa 1944.

Pitts aliamini kwamba ndege ikiwa ndogo na nyepesi hugeuka upesi, hata injini yake isipokuwa na nguvu nyingi. Kwa hivyo aliipa mabawa mawili mafupi, moja juu ya jingine, yaliyofungamanishwa kwa nguzo na nyaya. Kiunzi cha mwili ni cha mabomba ya chuma, cha mabawa ni cha mbao, na sehemu kubwa hufunikwa kwa kitambaa.

Sifa zake zilienezwa na rubani Betty Skelton, aliyetwaa ubingwa wa sarakasi wa wanawake nchini Marekani mwaka wa 1949 na 1950 akiwa na Pitts aliyoiita Little Stinker.

Aina ya S-1S, iliyofuata katika miaka ya 1960, ina upana wa mita 5.28 pekee na injini ya nguvu farasi 180. Umbo la mabawa yake ni sawa juu na chini, hivyo huruka kichwa chini miguu juu bila taabu. Vibao vinne kwenye kingo za mabawa huiwezesha kubiringika kwa kasi.

Mwaka wa 1972, katika mashindano ya dunia mjini Salon-de-Provence, Ufaransa, Marekani ilishinda taji la timu. Charlie Hillard alikuwa bingwa wa wanaume na Mary Gaffaney wa wanawake, wote wakitumia Pitts.

Hata hivyo, wepesi huo una gharama. Ndege hii huitikia mguso mdogo tu wa usukani. Wakati wa kutua, pua yake humziba rubani asione njia iliyo mbele, naye akizembea, mkia huweza kuzunguka na ndege ikapinduka.

Baadaye ndege za bawa moja, kama vile Sukhoi Su-26 ya Urusi iliyoruka mwaka wa 1984, ziliipiku katika mashindano makuu. Curtis Pitts alifariki mwaka wa 2005. Little Stinker imehifadhiwa katika makavazi ya Smithsonian, ikiwa imening'inizwa kichwa chini, jinsi Skelton alivyozoea kuirusha.