Operesheni ya Utumbo: Kinachomngoja Mgonjwa Meru, Embu na Hapa Kwetu

Mtu akisema amepasuliwa utumbo, huko Meru na Embu kama hapa Pwani, wengi hufikiria utumbo uliojisokota au kidole tumbo kilichopasuka. Yako maradhi mengine yanayomfikisha mtu kwenye kisu: uvimbe wa kudumu wa matumbo. Ni ya aina mbili kuu. Kolaitisi ya vidonda hukaa kwenye utumbo mpana na rektamu. Ugonjwa wa Crohn huweza kushika popote, kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa. Kwetu huchelewa kutambuliwa, maana kuharisha damu na kukonda hufanana na amiba au kifua kikuu cha matumbo.

Tofauti hiyo ndiyo huamua matokeo. Mwenye kolaitisi akiondolewa utumbo mpana wote pamoja na rektamu, ugonjwa wa sehemu hiyo umekwisha. Mwenye Crohn hukatwa kipande kilichoharibika tu, na maradhi huweza kurudi, mara nyingi pale pale palipoungwa. Kwa mvuta sigara hurudi upesi zaidi. Kidonda kufunga si ruhusa ya kuacha kliniki.

Linaloogopwa zaidi siku za mwanzo ni maungio ya utumbo kuvuja, na huenda mgonjwa ameshatoka wodini. Homa, moyo kwenda mbio, kutapika, maumivu yanayozidi badala ya kupungua: hizo ni dalili za kurudi hospitali usiku huo huo. Aliye Igembe au Mbeere akimbilie hospitali ya rufaa ya Meru au ya Embu iliyo karibu, asikae kupanga safari ya Nairobi. Hatari huwa kubwa zaidi kwa aliyedhoofika, anayetumia dawa za stiroidi, au aliyepasuliwa kwa dharura.

Wengine hutoka na stoma, yaani utumbo uliotolewa kwenye ngozi ya tumbo, kinyesi kikaingia mfukoni. Mara nyingi ni ya muda, hurudishwa baada ya miezi kadhaa. Watu huona haya, wakajificha hata kwa jamaa zao, na haya hiyo haina msingi. La kuchungwa ni maji: stoma ya utumbo mwembamba ikitoa kwingi, figo huumia. Mwenye nayo amwone daktari kabla ya kufunga Ramadhani.

Miaka ikipita, makovu ya ndani yaweza kuuziba utumbo, na aliyekatwa mwisho wa utumbo mwembamba huenda akahitaji sindano za vitamini B12 maisha yake yote.