Nsumba Ntale: Uongozi Uliozaliwa Shambani

Elika ni chama cha vijana wa kijiji cha Kisukuma, na mkuu wake huitwa nsumba ntale, yaani kijana mkubwa. Muda mrefu kabla ya klabu za vijana zenye katiba na mhuri, humo ndimo vijana walimojifunza kuongoza na kuongozwa. Desturi hiyo ilifika eneo la wilaya ya Bukombe katika karne ya 20 pamoja na Wasukuma waliohamia magharibi kutafuta mashamba na malisho, katika nchi ambayo wenyeji wake wa zamani ni Wasumbwa. Runzewe, mji wa wilaya hiyo ulio kwenye barabara kuu itokayo Kahama kwenda Nyakanazi, umekuwa makutano ya wakulima, wafugaji, wachimbaji na wafanyabiashara.

Kazi ya elika ilikuwa kulima, kupalilia, kuvuna na kujenga nyumba. Mwenye shamba hakumwendea kijana mmoja mmoja. Alipeleka ombi lake kwa nsumba ntale, wakapatana siku na malipo, mara nyingi chakula au nyama. Siku ikifika vijana walijipanga mstari mmoja ukingoni mwa shamba. Ngoma ikalia, mwimbaji akaanzisha, majembe yakapanda na kushuka kwa pamoja. Mvivu hakuwa na pa kujificha, kwa sababu jembe lake lilichelewa kushuka na jirani zake wa kulia na kushoto walimpita. Ngoma ya bugobogobo, ambayo wachezaji wake hurusha na kudaka majembe, imetokana na kilimo hicho.

Nsumba ntale aliteuliwa na vijana wenyewe, na umri peke yake haukutosha kumpa cheo. Alitakiwa ajue kugawa kazi, kusuluhisha ugomvi na kugawa nyama bila kupendelea. Kijana aliyekosa kazi bila sababu alitozwa faini, na mkaidi alitengwa. Adhabu hii ya pili iliogopwa zaidi, maana aliyetengwa hakuwa na wa kumlimia wala wa kumjengea. Mkuu naye alikuwa chini ya banamhala, wazee wa kijiji, ambao wangeweza kumwuliza juu ya mwenendo wa vijana wake. Hapa ndipo penye thamani kubwa ya elika: mamlaka na kuwajibika vilifundishwa kwa pamoja, kwa vitendo.

Baada ya mavuno majembe yaliwekwa chini, yakaja mashindano ya ngoma. Vyama viwili, Bagika na Bagalu, vilianzishwa karne ya 19 na waganga mahasimu, Ngika na Gumha. Makundi yalicheza wakati mmoja, na ushindi ulikwenda kwa lililovuta watazamaji wengi zaidi. Manju wa kundi alitunga nyimbo, akapanga wachezaji na kuwashika pamoja hata watu walipoanza kuhamia upande wa pili.

Serikali ya uhuru ilifuta utawala wa machifu mwaka 1963, na katika miaka ya 1970 Operesheni Vijiji ikakusanya kaya katika vijiji vipya. Jirani wa zamani wakatawanyika. Hata hivyo, wizi wa ng'ombe ulipozidi, mwaka 1981 na 1982, sungusungu, ulinzi wa jadi wa wanavijiji wenyewe, ilianza katika maeneo ya Kahama, wilaya ambayo Bukombe ilikuwa sehemu yake hadi 1995. Vijana waliitika mwano, yowe la hatari, wakafuata nyayo za wezi usiku. Utii wa elika ulionekana tena, safari hii pamoja na hatari zake: baadhi ya watuhumiwa waliadhibiwa bila kufikishwa mahakamani. Uongozi wa juu, kama zamani, ulibaki kwa wanaume.

Vikundi vya sasa vimekuja kwa mlango mwingine. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi lazima kisajiliwe, kiwe na katiba, mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na wasichana nao hushika vyeo hivyo. Katika ukanda huu wa dhahabu, ambako fedha huja kwa ghafla na kuisha kwa ghafla, daftari la mweka hazina limechukua kazi ya ule mgao wa nyama: kila mwanachama huona kilichoingia, kilichotoka na nani bado anadaiwa.