Karatasi inaizuia, sasa tunaogopa nini?

Nilikuwa naandaa habari kuhusu urani iliyoko Namtumbo, mkoani Ruvuma. Nikaandika kwa kujiamini kabisa: mionzi ya alfa huzuiwa na karatasi, ya beta na bati jembamba la alumini, ya gama inataka risasi nene (nasema madini jamani, siyo za bunduki). Mstari huo niliukariri kidato cha nne, na ulinipa maksi zangu.

Mhariri akausoma, akavua miwani. "Kijana, kama karatasi inaizuia, sasa watu wanaogopa nini?"

Sikuwa na jibu. Jioni ile nikarudi vitabuni.

Kisa kinaanzia Paris, mwaka 1896. Henri Becquerel alidhani chumvi ya urani ikianikwa juani hutoa miale. Siku hizo jua likagoma kutoka, akaiweka chumvi yake kwenye droo, juu ya bamba la picha lililofungwa karatasi nyeusi. Tarehe 1 Machi akalisafisha bamba hilo akakuta madoa. Urani ilikuwa inatoa mionzi yenyewe, bila jua. Mwaka 1898 Marie na Pierre Curie wakatangaza poloniamu na radiamu, zenye mionzi mikali kuliko urani.

Ernest Rutherford, kijana wa New Zealand aliyekuwa Cambridge, akaanza kuifunika urani kwa alumini nyembamba, tabaka juu ya tabaka. Mionzi ikapungua haraka, halafu iliyobaki ikawa sugu. Maana yake ilikuwa ya aina mbili. Mwaka 1899 akaiita alfa na beta, herufi mbili za kwanza za Kigiriki, basi. Mwaka 1900 Mfaransa Paul Villard akakuta ya tatu, inayopenya kuliko zote. Hiyo ndiyo ikaja kuitwa gama.

Mwaka 1902, wakiwa Montreal, Kanada, Rutherford na Frederick Soddy wakasema jambo la kushtua: atomu inayotoa mionzi hii hugeuka kuwa elementi nyingine. Leo tunajua inavyokuwa. Urani-238 ina protoni 92. Inapotoa alfa, yaani furushi la protoni 2 na nyutroni 2, inabaki na 90 na kuwa thoriamu. Thoriamu hiyo nayo hutoa beta: nyutroni moja inageuka protoni, elektroni inachomoka kwa kasi, protoni zinakuwa 91, tunapata protaktiniamu. Gama haibadilishi hesabu. Ni kiini kinachotoa nishati iliyozidi, kama mtu anayeshusha pumzi baada ya kutua mzigo.

Sasa jibu la mhariri. Alfa ni nzito kuliko wenzake na ina chaji kubwa, ndiyo maana haifiki mbali. Karatasi inaizuia, hata ngozi yako ya juu inaizuia. Lakini kwa sababu haifiki mbali, nishati yake yote inaimwaga mahali padogo. Ikiwa nje ya mwili, haina madhara makubwa. Ukiimeza au ukiivuta na vumbi, inaunguza seli zilizo jirani nayo, siku baada ya siku. Kikulacho ki nguoni mwako.

Waliolipia somo hilo ni mabinti wa New Jersey, Marekani. Kuanzia mwaka 1917 walipaka rangi yenye radiamu kwenye nyuso za saa ili zing'ae gizani, na walifundishwa kuchonga ncha ya brashi kwa midomo. Mwili huidhania radiamu kuwa ni kalsiamu, ukaihifadhi mifupani. Meno yakang'oka, taya zikaoza, wengine wakafa. Mwaka 1927 watano kati yao walikwenda mahakamani wakiwa wagonjwa hoi, na mwaka 1928 wakalipwa fidia kwa makubaliano.

Nikafuta mstari wangu wa kidato cha nne. Mahali pake nikaandika kwamba penye urani, cha kuulizia kwanza ni vumbi, maji, na gesi ya radoni inayotokana nayo: nani anaivuta, nani anayanywa, nani anapima?

Mhariri akasoma tena. Safari hii miwani ilibaki usoni.